Foto ya Wachumba na Nyumba ya Mama



Siku hizi vijana wetu hawatosheki tena na foto za siku ya arusi. Majuma mawili ao matatu mbele ya ndoa wanatoka pamoja na mpiga foto, wanakwenda fasi yenye kupendeza, wanavaa nguo za kufanana, na wanapigwa foto za wachumba. Wao wenyewe wanaita jambo hili shutingi. Hapa Kolwezi wengi wanapenda ziwa la Nzilo. Kule Lubumbashi wanakwenda kwenye bustani ya wanyama, ao wanasimama fasi ambapo bomba refu la kiwanda cha shaba linaonekana nyuma yao, pamoja na ule mlima mweusi wa masazo ya shaba. Kisha foto zinatumwa kwa telefone, na jamaa yote, hata wale walio Ulaya na Afrika ya Kusini, wanajua kwamba arusi imekaribia.

Wazee wengi wananiuliza: "Pasta, kanisa linasema nini juu ya mambo haya?" Wengine wanasema ni kiburi na kupoteza feza. Vijana nao wanasema: "Baba mchungaji, tunafanya nini mbaya? Ni foto tu." Ninataka kuwajibu wazee na vijana pamoja, kwa sababu mwaka uliopita nilisindikiza wachumba wawili siku ya foto yao, na niliona mambo yanayofaa tuyazungumze katika nyumba zetu.

Kwanza, tusiseme kwamba foto ya wachumba ilizaliwa jana. Wazazi wetu pia walipigwa foto mbele ya ndoa, lakini wao walikwenda studio. Mwenye studio alitundika pazia kubwa lenye picha ya rangi: ziwa, ao njia yenye miti, ao ndege ya kuruka. Alimkalisha binti juu ya kiti, mikono juu ya magoti, na kumsimamisha kijana pembeni. "Musitikisike! Musicheke!" Filimu ndani ya mashini yake mara nyingi ilikuwa na foto 12 tu, kwa hiyo hakupiga mara 100 kama leo. Alipiga mara moja, ao mara mbili, basi. Aliyefumba macho alibaki amefumba macho mpaka leo.

Tena, katika miji yetu ya mine ndoa ilikuwa na maana ya pekee. Hapo kwanza Union Minière ilileta wanaume peke yao, kwa muda mfupi. Kuelekea mwaka wa 1928 ilibadilisha mpango wake: ikataka mfanyakazi akae miaka mitatu ao zaidi, naye akae pamoja na bibi yake. Ikajenga nyumba za jamaa ndani ya kambi, hata ikawakopesha vijana feza ya kutoa mali. Kolwezi yetu ilianzishwa mwaka wa 1937 kwa ajili ya mine. Nyuma ya mwaka wa 1967, kampuni ya serikali iliporithi kazi ile, desturi iliendelea: mtu akioa, anaomba nyumba. Ndoa na nyumba vilifuatana kama jembe na mpini. Ndiyo maana wazee wetu wa kambi wakikumbuka arusi yao, wanakumbuka na namba ya nyumba waliyopewa.

Sasa nifike kwa wale wachumba wawili. Binti ni mshoni wa nguo, anaimba katika korali yetu. Kijana ni fundi wa umeme. Anafanya kazi kwa kampuni ndogo inayotumika ndani ya mine. Jamaa zote mbili zilikuwa zimekubaliana, mali ilitolewa, na majina yao yalitangazwa kanisani Siku ya Mungu mara tatu. Jioni moja walifika kwangu.

"Pasta," kijana akasema, "tunakuya kukuomba neno moya. Siku ya sita tutaenda ku foto, kule ku Nzilo. Rafiki atatuazima motoka yake. Lakini mama anakatala kama hatuna mukubwa wa kututembeza. Wewe na mama pasta munaweza kutusindikiza?"

Nikasema ndiyo. Lakini niliona binti hainui macho. Nikamuliza: "Na wewe, mwana wangu, unasema nini?"

"Pasta, mama anataka tupigwe foto kwetu, ku nyumba. Lakini..." Akamwangalia mchumba wake.

Kijana akajibu kwa sauti ya chini: "Pasta, ile nyumba inapasuka. Ukuta wote uko na nyufa. Na tena baliandika namba nyekundu pale ku mulango. Nitatuma foto na ile namba kule Likasi, bayomba yangu batasema nini?"

Wasomaji wasiokaa Kolwezi wanapaswa kuelewa neno hili. Nyumba ya yule mama iko katika kartie ya wafanyakazi wa zamani, na shimo la mine limesogea mpaka karibu na nyumba zile. Baruti ikipigwa, sahani zinalia ndani ya kabati na ukuta unapata ufa mpya. Watu wa kupima walipita, wakahesabu vyumba na miti ya lupango, wakaandika namba kwa rangi nyekundu. Kila nyumba yenye namba itavunjwa, na jamaa zake zitahama. Jambo hili si geni kwetu. Mwaka wa 2014, katika kartie ya Kasulo, watu walikuta kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, wakachimba ndani ya lupango, wengine hata ndani ya chumba cha kulala. Mwaka wa 2017 nyumba nyingi za pale zilivunjwa na fasi ile ikazungushiwa ukuta. Mji wetu unakaa juu ya mali yake, na mali ile inakula mji.

Siku ya ine tulikwenda kumwona mama. Ni mjane. Bwana yake alikuwa mmoja wa wafanyakazi zaidi ya 10,000 walioondoka Gécamines katika ule mpango wa mwaka wa 2003, alipokwisha kutumika miaka 29. Mama akatukaribisha kwenye barza, akaingia ndani, akarudi na kopo la zamani la biskuti. Mle ndani alifunga foto katika kitambaa. Akatuambia kwamba mwaka wa 1978, wakati wa vita ya Kolwezi, alikimbia na mtoto mgongoni na kitambaa kile ndani ya nguo yake.

Akatoa foto moja ya rangi nyeusi na nyeupe. Yeye amekaa, bwana yake amesimama, nyuma yao pazia lenye ndege kubwa ya kuruka. Ilipigwa mwaka wa 1976, mwezi mmoja mbele ya arusi yao.

"Ona, Pasta," akasema. "Hii ndege, hatukuipanda hata siku moya." Tukacheka sote. Naye akaendelea: "Tulikuwa bijana, tulitaka batu baone ndege. Sasa ona: miaka yote tumekaa mu hii nyumba. Batoto munane balikomalia humu. Baba yabo alikufia humu, mu kile chumba. Lakini mu foto zangu zote, nyumba haiko. Ndege njo iko."

Kijana akaomba foto, akaikamata mkononi. Nilimwona anaangalia koti ya baba mkwe wake, koti kubwa iliyomfunika mpaka vidole. "Mama, hii koti ilikuwa ya papa?"

"Apana, mwana wangu. Ilikuwa ya studio. Kila muchumba wa kambi alivaa ile ile koti."

Tukacheka tena, na kijana alicheka kupita sisi. Alikuwa na motoka ya kuazima kwa siku ya sita, na mzee alikuwa na koti ya kuazima kwa mwaka wa 1976. Akarudisha foto kwa mikono miwili. Kisha akasema: "Basi, mama, tutaanzia hapa. Nzilo itatungoja."

Siku ya sita mpiga foto alifika saa moja ya asubui. Ni mtu mzima, alianza kazi hii tangu wakati wa filimu. Nilimwuliza sababu ya kuja mapema, naye alinieleza mambo yanayofaa kujulikana na kila mtu mwenye telefone. Jua la saa sita linaanguka wima juu ya kichwa, linaweka kivuli ndani ya macho, na watu wanatoka kama wagonjwa. Asubui na jioni jua linakuja kutoka pembeni, linapiga uso polepole. Tena, mtu mwenye ngozi nyeusi akivaa nguo nyeupe kabisa, mashini inafuata weupe wa nguo na uso unakuwa giza. Kwa hiyo anapima mwangaza kwenye uso, hapimi kwenye nguo, na anapenda kuwaweka watu katika kivuli cha muti. Muti ulikuwako: mwembe ambao baba wa nyumba aliupanda mwaka ule mtoto wao wa kwanza alizaliwa.

Aliwapiga chini ya mwembe. Aliwapiga juu ya barza ya mbele, na nyuma ya nyumba kwenye barza ndogo ambapo mama anapikia, karibu na bomba la maji. Mwishoni akawasimamisha mlangoni, mama katikati. Pale namba nyekundu ilionekana wazi. Binti akachukua kitenge akitaka kuitundika juu ya namba. Mama akamkamata mkono.

"Acha, mama. Ionekane. Batoto benu batauliza."

Niliposikia vile nilikumbuka Yoshua sura ya 4. Waisraeli walipovuka Yordani, walichukua mawe 12 kutoka katikati ya mto na kuyasimamisha upande wa pili, kusudi siku moja watoto wauluze maana yake na wazazi wapate fasi ya kusimulia. Mawe yale hayakuwa ya bei. Yalikuwa mawe ya kawaida yaliyotoka fasi ambapo jambo lilitendeka. Mama huyu hakusoma chuo cha Biblia, lakini alijua kazi ya jiwe la ukumbusho.

Majirani walikuwa wanaangalia. Mzee mmoja akaja na bibi yake, akasema: "Papa wa foto, na sisi, mbele ya mlango wetu, unalipisha ngapi?" Nyuma yake akaja mwingine. Mpiga foto alipita milango 11 asubui ile. Wengi wao waliolewa ao kuoa miaka 30 ao 40 iliyopita, lakini walishikana mikono mlangoni kama wachumba. Saa ya kwenda Nzilo ikapita. Tulifika kule saa kumi tu, na jua lilikuwa zuri. Kijana aliegemea motoka ya rafiki yake, binti akavaa nguo ya bluu aliyoishona mwenyewe, maji yakang'aa nyuma yao. Foto zile pia zilitoka nzuri sana, nami sikuona sababu ya kuwakatalia furaha yao.

Niwaambie sasa yaliyofuata. Miezi miwili nyuma ya arusi, watu wa kupima walirudi na karatasi zao. Barza ndogo ya nyuma haikuandikwa. Mama hakupiga kelele. Alileta foto: barza hii hapa, bomba hili, mwembe huu. Wakatazama, wakakwenda nyuma ya nyumba, wakaandika barza. Sheria ya mine ya mwaka wa 2002, iliyorekebishwa mwaka wa 2018, inataka mtu anayeondolewa kwa sababu ya mine alipwe kwa kile anachopoteza. Foto peke yake si karatasi ya nyumba. Lakini ni shahidi ambaye hasahau, na jamaa yenye shahidi haisemi na midomo mitupu.

Leo nyumba ile haiko. Mama anakaa mbali na mji wa zamani, na foto ya mlango imetundikwa ukutani kwake katika fremu. Foto za Nzilo ziko katika telefone ya vijana. Yule mtoto aliyebebwa mgongoni mwaka wa 1978, ambaye leo ni baba wa watu, alipofika kutoka Likasi alisimama mbele ya fremu ile muda mrefu bila kusema.

Ndugu wapendwa, tunajua kuhama katika nchi hii. Mwaka wa 1992 na 1993 majirani zetu wengi wa asili ya Kasai walifukuzwa, wakalala siku nyingi kwenye gare za Likasi na Kolwezi wakingoja treni. Mtu anayehama kwa haraka anachukua nguo, chungu na watoto. Nyumba habebi. Kama hakuna foto yake, basi nyumba ile inaishi tu katika kichwa cha wazee, na siku wazee wanazikwa, inazikwa pamoja nao.

Kwa hiyo nawajibu wazee kwanza. Musiwahukumu vijana haraka kwa sababu ya ziwa na motoka. Ninyi pia mulisimama mbele ya ndege ya rangi na koti ya studio. Kijana anayetaka kuonekana mzuri siku ya uchumba wake hana zambi. Anaonyesha matumaini yake.

Nanyi vijana, sikieni. Foto ya ziwa inaonyesha fasi munayotamani kufika. Iwe pia na foto inayoonyesha fasi mulikotoka: mlango wa mama, chombo cha kazi cha baba, muti wa lupango. Kitabu cha Mwanzo kinatusimulia habari za Rebeka na Rakeli, nao wote wawili walikutwa kisimani, kwenye kazi ya kila siku, ya kuchota maji na kunywesha wanyama. Hakuna aliyeona haya kwa ajili ya fasi ile. Kama unaona haya kusimama na mchumba wako mbele ya nyumba iliyokulea, mueleze sababu sasa, mbele ya ndoa. Maana ataingia katika nyumba ile kama mkwe, atakula ndani yake, atalia ndani yake siku ya msiba.

Niongeze mashauri machache:

1. Ngojeni jamaa zote mbili zikubaliane mbele ya kutuma foto kwa watu. Sheria ya jamaa ya mwaka wa 1987, iliyorekebishwa mwaka wa 2016, inasema uchumba ni ahadi tu. Haumlazimishi mtu kuoa wala kuolewa, na hakuna ndoa mbele ya miaka 18, kwa kijana kama kwa binti. Uchumba unaweza kuvunjika, lakini foto iliyokwisha kutumwa hairudi. Mara nyingi ni binti anayechekwa nayo.

2. Musikope feza kwa ajili ya foto. Mwezi wa kwanza wa ndoa uko na kazi nyingine ya feza: nyumba ya kupanga, godoro, unga.

3. Musiende kupigwa foto kwenye kingo za mashimo ya mine wala juu ya marundo ya udongo wake, hata kama rangi ya udongo ni nzuri. Kingo zinaanguka bila kupiga hodi, zaidi wakati wa mvua. Na musiingie fasi ya mtu bila ruhusa.

4. Muende pamoja na mkubwa. Kazi yake si kulinda kama askari. Furaha ya wachumba ni mali ya jamaa, na inapendeza iwe na shahidi.

5. Tieni foto mbili ao tatu kwenye karatasi. Telefone inaibwa, inaanguka ndani ya maji, inakufa. Nyuma ya karatasi andikeni majina, fasi na mwaka, kwa kalamu ya risasi, maana wino unaweza kupenya na kuharibu uso wa foto.

6. Wazazi waingie katika foto moja. Wazee wengi tuliozika hawakuacha foto nyingine isipokuwa ile ya karata ya uchaguzi.

Na ninyi ambao munaoana miaka mingi na hamukupigwa foto ya uchumba, hamukuchelewa. Siku ya Mungu inayokuja, mukitoka kanisani na mungali na nguo nzuri, simameni mbele ya mlango wenu. Mwiteni mtoto mwenye telefone. Mushikane mikono. Watoto watacheka kidogo, lakini wataitunza foto ile.

Bwana alinde nyumba zenu, zile zinazosimama na zile zilizovunjwa.